Mfuko wa Shanga wa Babalawo: Mwongozo Kamili wa Kuushona

Katika nchi ya Wayoruba, yaani kusini-magharibi mwa Nigeria pamoja na maeneo jirani ya Benin na Togo, kitu kilichofunikwa shanga ndogo ndogo kuanzia ukingo hadi ukingo hushikwa au kuvaliwa na watu wachache wenye haki nacho: mfalme, ambaye huitwa oba, makuhani wa orisha, yaani miungu ya Wayoruba, waganga wa mitishamba walio chini ya orisha Osanyin, na babalawo, kuhani wa Ifa, mfumo wa ramli wa Wayoruba, ambaye huwapigia watu ramli na kuwasomea aya zinazohusu shida zao. Vitu vyenyewe ni vingi. Kuna mataji marefu yenye pazia la shanga linaloficha uso wa mfalme, kuna singa zenye mpini wa shanga, viatu, mito ya kukalia, fimbo, vifuko vya shingoni na mikufu ya kila namna.

Mwongozo huu unashughulikia kimoja tu kati ya hivyo, nacho ni apo Ifa, mfuko ambao babalawo hubebea mbegu 16 za mchikichi ziitwazo ikin, mnyororo wa ramli uitwao opele, na vifaa vingine vidogo vya kazi yake. Nimeuchagua mfuko kwa sababu anayeweza kuushona vizuri amekwisha kujifunza karibu kila mbinu inayotumika katika kazi ya shanga ya Kiyoruba: kukaza kitambaa kwa wanga, kutunga nyuzi za rangi moja moja, kuzibana juu ya mchoro, kuinua uso wa mtu kutoka kwenye kitambaa bapa, na kumalizia ukingo. Sababu ya pili ni kwamba mfuko ni kitu ambacho fundi wa nje anaweza kukishona kwa haki, mradi ametumwa na mwenye haki ya kukibeba. Kuhusu taji, mambo ni tofauti kabisa.

Hatua ya kwanza: Jua unamshonea nani

Mwaka 1903 ulizuka ubishi kuhusu Elepe wa Epe, mtawala mdogo katika nchi ya Remo, ambaye alikuwa amevaa taji la shanga wakati wengine wakidai hana haki nalo. Serikali ya kikoloni ya Uingereza chini ya Gavana William MacGregor ilimwita Lagos Ooni, yaani mfalme, wa Ife, Adelekan Olubuse wa Kwanza, ili aseme nani anaruhusiwa kuvaa taji la namna hiyo, kwa kuwa Ife ndiko Wayoruba wanakoamini kwamba Oduduwa aliwagawia wanawe mataji na kuwatuma waende kuanzisha falme zao. Ooni alisema kwamba Elepe hakuwa na haki. Safari ile yenyewe ilikuwa jambo zito, na inasimuliwa kwamba wafalme wengine wa Kiyoruba walitoka katika makasri yao na kukaa nje mpaka Ooni aliporejea nyumbani.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu fundi asiyekijua anaweza kudhani kwamba akishapata shanga na sindano amepata kila kitu. Taji halishonwi kwa ajili ya mteja yeyote tu. Ndani ya kilele chake huwekwa dawa na wale waliopewa kazi hiyo, mfalme mwenyewe hatakiwi kutazama ndani yake, na ufundi wake umeshikwa na koo zinazojulikana, hasa ukoo wa Adesina wa Efon-Alaaye katika Ekiti, ambao mafundi wake walisafiri kutoka kasri hadi kasri wakiwashonea wafalme. Liache. Hata ukiweza kuliiga kwa macho, utakuwa umetengeneza kitu ambacho hakina mahali pa kukaa.

Kwa upande wa mfuko, kaa na mtu anayekuagiza kabla hujanunua hata ushanga mmoja. Muulize yuko katika nyumba gani ya Ifa, yaani kundi gani la waumini, na nani amemfundisha, kwa kuwa utaratibu wa nyumba za Nigeria, za Cuba na za Brazil haulingani. Muulize rangi ambazo amekatazwa, maana kila aliyeingizwa katika Ifa hupewa miiko yake na mingine huhusu nguo na rangi. Muulize atabeba nini ndani, kwa sababu mfuko wa mbegu na opele unaweza kuwa wa sentimita 20 kwa 20, lakini akitaka kuweka na ubao wa ramli, yaani opon Ifa, itabidi upime ubao huo kwanza. Na muulize kama anahitaji nafasi ya kuweka chochote kati ya bitana na uso wa mfuko, swali ambalo tutalirudia mwishoni. Ukishona kwa ajili ya jukwaa, darasa au maonyesho, liandike neno nakala kwenye bitana, ili kitu hicho kisije kikauzwa baadaye kana kwamba kilitoka mikononi mwa kuhani.

Hatua ya pili: Chagua rangi kwa kuuliza

Wayoruba huzipanga rangi katika makundi makuu matatu. Funfun ni weupe na vyote vinavyofanana nao kwa ubaridi na utulivu, ikiwamo fedha na shanga zisizo na rangi. Pupa ni wekundu na joto lake, nalo linajumuisha rangi ya machungwa, manjano na dhahabu. Dudu ni weusi na giza lake, na humo mna bluu ya nili na kijani kilichokolea. Fundi anayepanga rangi zake huku akiwa na makundi haya akilini hupata kazi iliyo na uwiano wa Kiyoruba, hata kama ametumia rangi saba, kwa sababu ataona kwamba kila eneo lenye joto linahitaji jirani yake mwenye ubaridi au giza.

Ndani ya makundi hayo kila orisha ana rangi zake. Obatala ni mweupe mtupu. Sango ni mwekundu na mweupe, shanga zikipishana. Osun huvalishwa manjano na rangi ya kaharabu, pamoja na shaba nyeupe. Yemoja hupewa shanga angavu kama maji, na ng'ambo ya bahari bluu na nyeupe. Orunmila, ambaye ndiye mwenye Ifa, ni kijani na manjano katika nyumba za Cuba, na katika nyumba nyingi za Nigeria ni kijani na rangi ya kahawia iliyofifia. Hizo ndizo rangi za bangili ya babalawo iitwayo ide. Ogun ndiye anayeonyesha vizuri zaidi kwa nini usitegemee orodha: Cuba shanga zake ni kijani na nyeusi, ilhali katika nyumba za Candomblé, dini ya orisha ya huko Brazil, za tawi liitwalo taifa la Ketu ni bluu iliyokolea. Wote wawili ni Ogun yuleyule aliyevuka Atlantiki na watu waliouzwa utumwani, na kila nyumba imehifadhi kile ilichopokea. Kwa hiyo ukisikia mtu anatangaza kwamba rangi za orisha fulani ni hizi na si nyingine duniani kote, mwulize anazungumzia nyumba gani.

Mfuko wa babalawo una uhuru kidogo. Mara nyingi hukusanya rangi nyingi kwa pamoja, na jambo hilo huelezwa kwamba Ifa husema kuhusu orisha wote, hivyo anayemtumikia hafungwi na rangi za mmoja. Katika mfano wa mwongozo huu nitatumia kijani na manjano kama msingi, kisha bluu iliyokolea, nyekundu na nyeupe.

Hatua ya tatu: Kusanya vifaa

Shanga zinazofaa ni za kioo, namba 11, ambazo zina upana wa takriban milimita 2. Ukizitunga, shanga saba hivi hujaza sentimita moja ya uzi, na mistari minne au mitano hukaa kando kwa kando katika sentimita moja ya upana, kwa hiyo eneo la sentimita 20 kwa 20 hula takriban shanga 13,000, ambazo ni kama gramu 120. Kwa mchoro tutakaoutumia, nunua gramu 60 za kijani, 35 za bluu, 30 za manjano, 25 za nyekundu na 20 za nyeupe. Ziada hiyo inatosha kufidia shanga zenye tundu lililoziba na zile zilizopinda. Nunua kila rangi kwa mara moja, kwani bluu ya mwezi huu na bluu ya mwezi ujao huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haionekani kwenye pakiti ila huonekana wazi ikishakaa juu ya kitambaa.

Epuka plastiki. Ncha ya sindano iliyopashwa moto huyeyusha plastiki na haifanyi lolote kwa kioo. Zijaribu pia shanga zilizotiwa rangi kwa juu: funga chache katika kitambaa cheupe kilicholowa usiku kucha, na nyingine uzianike juani wiki nzima. Zile zinazochuja au kupauka usizitumie, hata kama ulizipata kwa bei nzuri.

Inafaa fundi ajue shanga hizi zimefikaje hapo. Ife ilitengeneza kioo chake yenyewe. Katika eneo la Igbo Olokun wachimbaji wa mambo ya kale wamepata zaidi ya shanga 12,000 pamoja na vipande vya vyungu vilivyotumika kuyeyushia kioo, na kazi hiyo ilifanyika kati ya karne ya 11 na ya 15. Ilorin nayo ilijulikana kwa mafundi waliochonga na kusugua shanga nyekundu za mawe. Shanga zile zilikuwa kubwa na ghali, zikitungwa katika mikufu. Kufunika kitu kizima kwa shanga ndogo kulienea sana katika karne ya 19, zilipoanza kuingia kwa wingi shanga kutoka Venice na Bohemia, karakana zilezile ambazo shanga zake zilishushwa Unguja na kubebwa na misafara hadi ndani ya bara letu. Wayoruba walizichukua bidhaa hizo za kigeni wakazitia katika sheria zao za zamani za nani avae nini, na kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko ufundi wenyewe.

Vifaa vingine ni vya kawaida. Tafuta kitambaa cha marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa, mita moja, kitambaa laini cha bitana, uzi imara wa nailoni au poliesta, donge la nta ya nyuki, sindano nyembamba za shanga, zisizopungua sita kwa kuwa hukatika, fremu ya mbao ya sentimita 30 kwa 30 upande wa ndani, misumari midogo, wanga wa muhogo, penseli, rula na mkasi.

Hatua ya nne: Kaza kitambaa

Kata marekani vipande viwili vya sentimita 36 kwa 36. Vifue kwa maji ya moto ili virudi kabla ya kazi, maana kikirudi baada ya kushonewa shanga kitazikunja. Koroga vijiko viwili vya chakula vya wanga katika maji baridi robo kikombe, kisha umimine polepole katika kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka upate uji mzito ulioanza kung'aa. Upake kwa mkono juu ya kipande cha kwanza, kilaze cha pili juu yake, usugue kutoka katikati kwenda pembeni mpaka mapovu ya hewa yaishe, halafu ukivute juu ya fremu na kukigongomea misumari kwa kila sentimita 3, ukianza katikati ya kila upande na kumalizia pembeni. Kianike kivulini siku nzima. Kikikauka kitakuwa kigumu, na ukikigonga kwa kidole kitatoa mlio.

Ugumu huo ndio unaobeba shanga. Kitambaa laini hukunjamana kati ya mshono na mshono, na mistari huachana baada ya miezi michache ya kubebwa. Wanga una ubaya wake mmoja: mende na panya huupenda. Usizidishe kiasi kinachohitajika, na usiiache kazi sakafuni usiku.

Hatua ya tano: Chora

Mchoro unaoonekana sana katika kazi hizi ni ule wa mikanda inayopishana, mmoja ukipita juu na mwingine chini bila kuwa na mwanzo wala mwisho. Ni alama ya zamani, ya kifalme, na imo katika sanaa ya Ife na ya ufalme wa kale wa Benin, ulio Nigeria, pia. Tutatumia umbo lake jepesi.

Chora mraba wa sentimita 20. Ndani yake chora mraba mwingine wa sentimita 17, ili kubaki ukingo wa sentimita 1.5 kila upande. Tafuta katikati, kisha chora duara mbili ndefu, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 6, moja ikisimama na nyingine ikilala. Zitakatana mahali panne. Mstari huo uugeuze kuwa mkanda wa milimita 9, yaani nusu ndani na nusu nje ya mstari, upana unaotosha mistari minne ya shanga. Sasa fuata mkanda uliosimama kwa kidole: katika makutano ya kwanza upite juu, ya pili chini, ya tatu juu, ya nne chini. Futa mistari ya penseli panapopita chini. Ukikosea makutano moja, mfumo wote utavunjika, na mtu anayejua kazi hizi atauona mara tu atakapoushika mfuko. Afadhali upoteze saa moja hapa.

Kwenye ukingo chora pembetatu zenye kitako cha sentimita 1.7, kumi kila upande, na mraba mdogo katika kila pembe. Katikati, ndani ya makutano manne, patabaki nafasi ya sentimita 5 hivi. Hapo ndipo uso utakapokaa.

Hatua ya sita: Inua uso

Nyuso huonekana katika mataji, mifuko na vifuko vya shingoni, na watu huzisoma kwa namna mbalimbali. Katika taji wengi humtaja Oduduwa au mababu wa mfalme, na katika ubao wa ramli uso wa juu huelezwa kuwa ni wa Esu, mjumbe afikishaye sadaka kwa orisha. Fundi hana haja ya kuamua. Kazi yake ni kuhakikisha uso unatazama kweli, na hiyo ni kazi ya macho.

Kata vipande vitatu vya marekani vyenye umbo la yai, cha kwanza kikiwa na urefu wa sentimita 4 na upana wa 3.2, na viwili vinavyofuata vikipungua kila kimoja. Viloweshe katika wanga, uvipange kimoja juu ya kingine, na uviminye kwa vidole mpaka paji la uso litokeze. Pua ifanye kwa kipande kilichoviringishwa. Macho yafanye kwa vibonge viwili vya pamba vyenye ukubwa wa punje ya choroko kila kimoja, ukivifunika kwa kitambaa chembamba chenye wanga. Uso ukikauka kabisa, ushone juu ya kitambaa kilicho kwenye fremu kwa mishono midogo kuzunguka ukingo wake wote.

Anza kwa macho kabla ya sehemu nyingine yoyote ya mfuko. Weka ushanga mmoja wa bluu juu ya kilele cha jicho, uzungushe shanga sita nyeupe, kisha kumi na mbili za bluu. Jicho litakuwa na upana wa sentimita 1, kubwa kuliko uwiano wa kawaida wa uso wa binadamu, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Baada ya hapo shona pua kutoka juu kwenda chini, midomo kwa mistari miwili ya nyekundu, na mwisho ngozi, kwa manjano, mistari ikifuata mviringo wa shavu na wa kidevu. Kwenye maeneo yaliyoinuka bana uzi kwa kila shanga mbili, la sivyo uzi utaruka kama daraja juu ya bonde, na shanga zitaning'inia.

Hatua ya saba: Tunga na ubane

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo itakayochukua muda wako mwingi. Ukishona shanga 250 kwa saa, mwendo wa mtu aliyekwisha zoea, uso wa mfuko utahitaji zaidi ya saa 50.

Unatumia nyuzi mbili. Uzi wa kwanza hubeba shanga, wa pili huubana ule wa kwanza. Pitisha zote mbili kwenye nta. Funga uzi wa kwanza nyuma ya kitambaa, uutoe juu mwanzoni mwa mstari, utunge shanga za rangi moja mpaka zifikie urefu wa mstari huo, uzilaze juu ya mchoro na uushushe uzi upande wa pili bila kuukaza kupita kiasi. Kisha chukua sindano ya pili, uitokeze pembeni ya mstari baada ya shanga tatu, uuvushe uzi juu ya ule wa kwanza kati ya shanga na shanga, na uurudishe chini karibu sana na ulipotokea. Endelea hivyo kila baada ya shanga tatu au nne kwenye mistari iliyonyooka. Funga fundo nyuma kila unapomaliza sentimita 10, ili uzi ukikatika siku moja zisimwagike zote.

Fuata mpangilio huu: kwanza mikanda, kisha nafasi zilizo ndani ya duara, kisha ukingo, na mandhari ya kijani mwishoni. Katika mkanda, mistari miwili ya nje iwe ya bluu na miwili ya ndani iwe nyeupe, yote ikifuata mwelekeo wa mkanda wenyewe. Mkanda unapopita chini, kata mistari yake pembeni mwa ule wa juu na uianze tena upande wa pili. Usishone shanga juu ya shanga. Nafasi nne za ncha za duara zijaze manjano. Pembetatu za ukingo ziwe nyekundu, mapengo kati yake bluu, na miraba ya pembeni nyeupe.

Kwenye mandhari ya kijani wengi huchoka na kushona mistari iliyonyooka kutoka kushoto kwenda kulia. Tazama kazi nzuri za Kiyoruba utaona kwamba mistari ya shanga hugeuka kulingana na umbo lililo jirani: pembeni mwa mkanda huenda na mviringo wake, pembeni mwa ukingo hunyooka. Kwa sababu hiyo mwanga haupigi sehemu zote kwa namna moja, na mfuko ukitikisika mkononi mwa mwenyewe rangi moja huonekana kama mbili. Fanya hivyo hata kama inakulazimu kuongeza vipande vifupi vya shanga tatu au nne kujaza pembe. Mistari iguse lakini isisukumane. Ikisukumana, kitambaa kitajikunja mara tu utakapokitoa kwenye fremu.

Hatua ya nane: Unganisha mfuko

Ng'oa misumari, ukate kitambaa ukiacha sentimita 2 kuzunguka shanga, ukunje pindo kwa nyuma na ulishone. Nyuma ya mfuko weka marekani iliyokazwa au ngozi laini, kama mwenyewe hana mwiko nayo. Shona pande tatu, kisha ufunike mshono kwa mstari mmoja wa shanga nyeupe uliokaa juu ya ukingo. Bitana itengeneze kama mfuko wa pili, uiingize ndani na uishone mdomoni.

Mkanda wa begani unahitaji uamuzi. Mkanda wa upana wa sentimita 4 na urefu wa mita 1 hula shanga sawasawa na uso wote wa mfuko. Mafundi wakubwa huufunika wote. Kwa mfuko wa kwanza, nashauri shanga zikae kwenye sentimita 25 za kila ncha, na sehemu ya begani ibaki kitambaa cha bluu kilichokunjwa mara mbili, ambacho pia hakitasuguliwa na bega. Pima urefu mwilini mwa mwenyewe, mfuko ukiwa na uzito wa vitu atakavyobeba.

Hatua ya tisa: Kabidhi

Hapa kazi ya fundi inaishia na ya kuhani inaanza. Mfuko uliotoka fremuni haujawa kitu cha Ifa. Kuosha kwa maji ya majani, maneno yanayosemwa na sadaka inayotolewa ni mambo ya waliofundishwa, na yanatofautiana kati ya nyumba na nyumba. Usiyaige, usiyaombe yaandikwe, na usimuuzie mtu mfuko kwa kumwambia kwamba umekwisha kubarikiwa. Kama mwenyewe alisema anahitaji nafasi kati ya bitana na uso wa mfuko, acha sentimita 8 za mshono wa mdomo wazi, umpe sindano yenye uzi uleule, naye ataufunga mwenyewe au atampa mzee wake aufunge. Ukifika wakati huo, ondoka uwaache.

Mpe pia shanga zilizobaki, zikiwa zimetengwa kwa rangi. Atazihitaji kwa matengenezo, na hakuna duka litakalompa kijani kilekile baada ya miaka kumi.

Hatua ya kumi: Matunzo na matengenezo

Mfuko ulio katika matumizi usiloweshwe kamwe, kwa sababu wanga utayeyuka na kitambaa kitalegea. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu, na doa lililo juu ya kioo lifutwe kwa pamba iliyonyonya maji kidogo sana. Usitundikwe kwa mkanda wake miezi mingi. Ulazwe bapa, umefungwa katika kitambaa safi cha pamba, mbali na unyevu na mende. Ndani yake ziwekwe karatasi laini zilizokunjwa ili uso usivunjike katikati.

Uzi ukikatika, usianze kushona mara moja. Kusanya shanga zilizoanguka, uzibane zilizobaki kwa kipande cha uzi ili zisiendelee kutoka, halafu mwulize mwenyewe. Waumini wengi, hasa wa nyumba za Cuba, hulichukulia jambo la mkufu au kitu cha orisha kukatika kuwa habari ya kupelekwa kwa mzee kwanza, na fundi anayerekebisha kabla ya mzee kuona amewaondolea kitu walichotaka kukitazama. Ukipewa ruhusa, fungua mstari mpaka kwenye fundo zima la karibu, tunga upya kwa shanga zilezile za zamani, ongeza mpya pale tu zilipopungua, na zile zilizovunjika mrudishie mwenyewe pamoja na mfuko.